Mshono wa Nje

Benchi la wateja la fundi Tusekile lilikuwa linalowa bila mvua.

Halikulowa lote. Lilikuwa benchi refu la mninga, linakaliwa na watu wanne wenye adabu au watano wenye haraka zao, na lilikuwa linalowa mahali pamoja tu, mwishoni, upande wa ukutani: duara la ukubwa wa makalio ya mtu mwembamba. Kila asubuhi Tusekile akifungua duka lake pale Mpemba, duara analikuta. Ikifika saa nne jua linaingia mlangoni, duara linakauka, na pembeni panabaki utepe mweupe kama umechorwa kwa chaki. Na huo ulikuwa mwezi wa saba, bwana. Mwezi wa saba Mpemba hakuna kinacholowa isipokuwa macho, kwa vumbi la malori yanayosubiri zamu ya kuvuka mpaka.

Alianza kwa kushuku vitu vya kawaida. Alimshuku mbuzi wa jirani, akamwonea bure, maana mbuzi hafungui kufuli. Mwisho akamwita Osea, fundi bati, apande juu atafute tundu. Osea akapanda, akatembea huko juu taratibu kama anakagua kiwanja cha kununua, akashuka na mpira wa watoto uliopotea tangu Pasaka. Tundu hakuna. Halafu, kwa kuwa Osea ni mtu wa kuonjaonja, akapitisha kidole kwenye ule utepe mweupe, akakitia mdomoni.

"Chumvi," akasema. "Fundi, unakulia mahindi ya kuchoma hapa?"

Tusekile akacheka naye, akafuta benchi kwa kitambaa, yakaisha. Lakini siku hiyo alishona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa mkono wa kulia, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu awe mwanafunzi. Chumvi ile alijua ilikotoka.

Dada yake Atupele alimalizia miaka yake Ivuna, kule bondeni karibu na Ziwa Rukwa, kwa wanawake wanaochemsha maji ya chumvi mpaka yabaki mabonge meupe. Hakwenda kwa kuipenda chumvi. Alikwenda kwa sababu kule kuna moshi, kuna jasho, kuna magunia yenye harufu zake, na mtu mmoja akiongeza ya kwake hapo hakuna anayegeuza shingo. Atupele alikuwa hazuii haja. Tangu siku aliyomzaa mwanawe wa kwanza na wa mwisho, haja kubwa ilikuwa inamtoka bila kumuuliza. Popote alipokwenda alikaa juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, mwisho wa benchi, upande wa ukutani, tayari kuinuka kabla watu hawajaanza kunusa. Kanisani hivyo. Msibani hivyo. Mumewe Hezron alivumilia mwaka mmoja na nusu, kisha akaenda Laela kununua mbegu za mpunga, na mbegu hizo anazinunua mpaka leo. Atupele akamleta mtoto kwa mdogo wake, akashuka Ivuna, akakaa huko miaka sita. Malaria ikamkuta huko huko, na wenye chumvi ndio waliomzika.

Mtoto huyo ni Lusungu. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, ameolewa na Samwel, utingo wa lori la Kongo, na mimba yake ilikuwa inaelekea mwezi wa nane. Samwel akiwa safarini, na Samwel alikuwa safarini muda wote, Lusungu alikaa kwa mama yake mdogo, anafunga vifungo, anapiga pasi, anasikiliza redio. Na anaogopa. Uchungu hakuuogopa, wala kisu hakukiogopa. Alikuwa anamwogopa marehemu Severini.

Habari ya Severini ilikuwa hivi. Siku ya kumzaa Lusungu, kule Msangano ukweni kwake, Atupele alikuwa na uchungu siku ya pili na mtoto hashuki. Wanawake wa ukweni, wakiongozwa na wifi yake Stamili, wakafanya wanachofanya mtoto akikwama: wakamtaka mzazi amtaje mwanaume mwingine aliyewahi kulala naye, kwamba jina likitoka na mtoto anatoka. Atupele hakuwa na jina. Wakamkalia kooni. Mwisho akatoa la Severini, mwendesha mashine ya kukoboa, ambaye alikuwa na mwaka wa tatu kaburini. Alichagua marehemu ili asimponze aliye hai. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mtoto akatoka, mama akachanika. Na ilipoonekana anavuja, Stamili akaunganisha mambo: marehemu ametajwa, marehemu amekuja kuchukua chake, na mlango aliopitia hakuufunga. Na binti naye, siku yake ikifika, atapitiwa vile vile.

Lusungu alikua na maneno hayo kama wengine wanavyokua na pumu. Sasa shangazi Stamili alikuwa ametuma ujumbe: Jumamosi aje Msangano, aoshwe mtoni, afungwe kwa dawa, na azalie huko huko mikononi mwake. Hospitali wasiguse, maana hospitali hawajui kufunga mlango uliofunguliwa na mfu. Begi la Lusungu lilikuwa tayari, limeegemea cherehani ya overloku. Tusekile alimwambia mara nne kwamba mtoto wa kwanza huzaliwa hospitali. Lusungu akamjibu kwa upole kwamba mamdogo hakuwahi kuzaa, hawezi kujua.

Tusekile alikuwa na neno moja ambalo lingemzuia. Alikuwa amekaa nalo miaka kumi na tisa, na halikuwa limepungua uzito hata kidogo.

Jumatatu ya wiki hiyo akaja Sista Fausta, mama wa makamo anayefundisha ukunga kwenye chuo kimoja cha wauguzi upande wa Vwawa. Akakaa katikati ya benchi, akatoa karatasi yenye mchoro.

"Fundi, nataka unishonee misamba kumi na miwili," akasema.

Mama mchungaji, aliyekuwa anapimwa kiuno wakati huo, akavuta pumzi akasahau kuitoa, na gauni lile mpaka leo linambana.

Sista hakuona haya hata kidogo. Miaka yote wanafunzi wake walijifunza kushona wazazi kwa kutumia vipande vya godoro, na godoro halina misuli. Alitaka kitu chenye tabaka, mwanafunzi akate, afungue, aone, ashone. Na kiwe cha kahawia; picha za vitabuni zote ni za waridi, wanafunzi wakikutana na mtu halisi wanafikiri wamefungua ukurasa usio wenyewe. Akaeleza kwa kalamu. Msamba ni pale kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Padogo, upana wa vidole viwili vitatu, lakini misuli ya huku chini yote inakuja kukutana hapo katikati na kufungana.

"Kama suruali," Tusekile akasema. "Mishono minne inakutana pale miguu inapoachana."

"Hapo hapo."

"Ndiyo maana suruali huchanikia pale."

"Ndiyo maana," Sista akasema, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Basi wakaelewana. Ngozi iwe kitambaa laini cha kahawia. Chini ya ngozi misuli, fulana nyekundu mbili tatu, kila moja na mwelekeo wake. Upande wa mbele utando laini, satini. Na nyuma, kuzunguka njia ya haja, msuli wa duara, pete kabisa, unaofunga na kufungua. Huo uwe lastiki nene, na kabla ya kuunga ncha zake aivute kidogo, kwa sababu wa mtu umejikaza saa zote, hata akilala. Sista alitaka kazi Alhamisi.

Jumanne Tusekile alimaliza sita, akaipanga kwenye rafu, na duka likapata wageni. Mama mmoja mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyefuata mashuka yake alinyanyua mmoja, akaugeuza, akauliza kama ni mto wa kuwekea sufuria ya moto, akataka kuagiza sita. Alipoambiwa ni nini akasema mayo, yaani mama wee kwa lugha ya kwao, akaurudisha kwa vidole viwili, halafu akauchukua tena akauangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia mashuka. Osea naye, kutoka benchi, akauliza kama kuna ya wanaume. Tusekile akamjibu kwamba kila mtu anao, hata yeye hapo alipo ameukalia. Osea akainuka.

Jumatano asubuhi duara lilikuwepo, na lilikuwa la maji kuliko siku zote. Tusekile akaliacha. Akachukua msamba wa kwanza, akaubonyeza nyuma kwa kidole gumba, akahisi laini mahali ambapo jana palikuwa pagumu. Akafumua. Lastiki aliyoiunga kwa uzi mara mbili ilikuwa imeachana, na ncha zake hazikuwepo mbele. Zimeingia pembeni, moja kushoto moja kulia. Akafumua wa pili. Vile vile. Yote sita. Na mshono wa nje, aliokuwa ameuangalia kabla ya kufumua, haukuwa umeguswa hata nukta moja. Aliyezifungua pete zile hakupita popote.

Akajiambia uzi wa siku hizi ni mbovu. Akaunga upya yote sita kwa zigizaga mara tatu, akaivuta kwa meno, ikagoma. Akashona na mingine sita. Lusungu akiwa anapiga pasi akamuuliza mbona anaongea peke yake. Akasema anahesabu.

Alhamisi asubuhi yote kumi na miwili ilikuwa imefumuka ndani, nje mizima. Na dukani kulikuwa na harufu ya moshi wa kuni na chumvi mbichi, na chini ya hizo nyingine, ya tatu, ambayo Tusekile aliifahamu kama mtu anavyofahamu sauti ya mlango wa kwao. Akaenda kufungua dirisha. Akasimama, akalirudisha, kwa sababu aliwaza majirani, na papo hapo akagundua kwamba amewaza majirani. Ndivyo walivyokuwa wakifanya Msangano Atupele akiwa hai: wanafunga madirisha, watu wasijue.

"Dada," akasema pale penye benchi, taratibu, "niache nimalize kazi ya watu."

Saa nne duara likakauka kama kawaida yake.

Sista Fausta alikuja siku hiyo baada ya chakula cha mchana. Alichukua msamba mmoja, akauangalia kwa nje, akaridhika. Mishono imenyooka, rangi ya watu. Halafu akaingiza kidole kimoja nyuma na kingine mbele, akavikutanisha, akatulia kama anasikiliza redio ya nyumba ya pili.

"Hapa hamna kitu," akasema.

Tusekile akamwambia nusu ya ukweli: lastiki inafumuka, na hajui kwa nini. Sista hakushangaa. Akaomba wembe, akafungua ngozi ya kitambaa, akamwonyesha. Pale mbele ambapo pete ilitakiwa kupita palikuwa patupu, na pembeni, huku na huku, vishimo viwili vidogo.

"Ncha zimo humu, zimerudi nyuma. Hata za mtu zinafanya hivi hivi. Mama akichanika mpaka huku, huu msuli ukikatika, ncha zinakimbilia ndani ya nyama, unabaki unaona vishimo. Hujafundishwa, unaona si kitu. Unashona ngozi, inapendeza, unamwambia nenda nyumbani." Akaweka wembe chini. "Ndiyo maana nawaambia wanangu, kabla hujashona, tia kidole nyuma, sikiliza. Ukimaliza kushona, tia tena. Kwa nje hapa hata mimi ningekusifia, fundi."

Tusekile alikuwa ameshika pini kubwa. Kwa pini ile amevua kamba za suruali za michezo miaka nenda rudi. Kamba ya kiunoni ikikatika, ncha zinajificha ndani ya pindo, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaambiwa: usifunge pindo kabla hujazivua zote mbili ukaziunga. Ukifunga, mteja anaondoka na pindo zuri na suruali inamwanguka njiani. Alikuwa anawafundisha watu hivyo. Anawapiga na rula.

"Na mtu asiposhonwa huo wa ndani?" akauliza.

"Anavuja. Kwanza upepo, halafu haja. Wanajificha, hao. Wengi wanaambiwa wamelogwa."

"Baadaye haiwezekani tena?"

"Inawezekana. Hata miaka ipite. Wapo madaktari wa upasuaji, wanazitafuta zile ncha, wanazilaza moja juu ya nyingine, wanaunga. Wengi wanapona." Sista akamtazama. "Una mtu?"

"Nilikuwa naye," Tusekile akasema.

Sista akamwambia na lastiki afanye vile vile: ncha zisigusane tu, zilaliane. Akaondoka, akisema atarudi Jumatatu.

Tusekile akabaki amekaa kwenye kiti cha cherehani, mguu juu ya pedali, hakuzungusha.

Ilikuwa mchana, siku ile kule Msangano. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, Mto Momba umekata barabara, na zahanati ilikuwa ng'ambo. Yeye alikuwa na miaka kumi na nane, ana miezi tisa ya kujifunza ushonaji, amekuja kumsalimia dada yake aliyekaribia kuzaa akiwa na sindano zake za mkono kwenye kopo la maziwa. Mtoto alipotoka na damu ikaonekana ni nyingi, Stamili akamgeukia. Binti, si wewe fundi? Mfunge dada yako. Wakachemsha sindano na uzi mweupe kwenye sufuria ya chai. Atupele akapewa kanga aume.

Akashona nukta saba. Ndogo, sawasawa, kama alivyofundishwa kushona pindo la gauni la arusi kwa mkono. Mkono haukumtetemeka, na hilo lilimshangaza, akajivunia. Lakini kabla ya nukta ya kwanza, alipokuwa anafuta damu kwa kitambaa, aliviona: huko nyuma, kushoto na kulia, vishimo viwili vidogo. Akajiuliza ni nini. Akaona vitaharibu mshono. Akavivutia ngozi juu, akafunika, akaendelea.

Stamili aliinama akautazama, akawaita wenzake watazame. Wakasema binti ana mkono. Sifa hiyo ikatembea Msangano nzima, na mwezi huo huo wakaanza kumletea sare za watoto. Duka la Mpemba lilianzia kwenye zile nukta saba. Na Atupele alipoanza kuvuja, na wanawake wakasema ni Severini, Tusekile alipumua. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaamka naye kila siku. Alipumua, kwa sababu kama ni Severini, basi si mshono.

Jumamosi asubuhi Lusungu alivaa gauni la safari, akavuta begi mpaka mlangoni. Gari la Msangano lilikuwa linapita saa tatu. Tusekile akamwomba akae kidogo.

Lusungu akaenda moja kwa moja mwisho wa benchi, upande wa ukutani, akakaa juu ya duara. Lilikuwa bichi, linang'aa. Hakuinuka, wala hakujishika nyuma. Alijishusha taratibu, amekunja mabega, kama mtu aliyezoea kuinuka kabla ya wengine. Tusekile hakuwahi kumfundisha kukaa hivyo. Mama yake aliondoka yeye akiwa na miaka miwili.

Tusekile alikuwa amepanga maneno, yote yakapotea. Akampa msamba mmoja ambao hakuwa ameuunga upya, akamwambia aingize kidole nyuma. Lusungu akaguna, akafanya. Akampa na mwingine, aliouunga jana kwa kulaza ncha, akamwambia aingize na huo.

"Huu unabana," Lusungu akasema.

"Na ule?"

"Ule umelegea."

"Ule ni mama yako."

Halafu akamwambia yote, amesimama, mikono ndani ya mifuko ya koti la kazi ili isionekane. Sufuria ya chai. Nukta saba. Ncha zilizokimbilia ndani. Kwamba Severini alikuwa ametajwa kwa sababu amekufa na hawezi kudhurika, basi, hakuna kingine. Baba yake ni Hezron wa Laela na pua anayo ya Hezron. Kwamba hakuna mlango uliofunguliwa na mfu. Kulikuwa na msuli uliokatika, na mtu aliyefunga ngozi juu yake. Kwamba siku yake ikifika anaweza kuchanika kama mwanamke yeyote, na hapo anahitaji mtu wa kutia kidole na kusikiliza, si mtu wa kumwosha mtoni.

Lori lilipiga breki za upepo huko nje. Lusungu alisubiri likanyamaza.

"Vile vishimo," akasema. "Uliviona?"

"Niliviona."

"Ukafunika."

"Nikafunika."

Lusungu akawa anakandamiza ule msamba uliolegea kwa kidole gumba, anaachia, anakandamiza.

"Angeweza kupona?"

Tusekile alikuwa ameomba asiulizwe hilo. "Angeweza. Mpaka Alhamisi nilikuwa sijui. Lakini nilijua ni mkono wangu. Hilo nililijua tangu mwanzo."

"Na ukaniacha nimwogope mzee wa watu."

Lusungu akainuka. Nyuma ya gauni lake palikuwa pamelowa duara. Akachukua begi, akachukua na ule msamba, akatoka bila kuaga. Tusekile akamfuata mpaka mlangoni tu. Alimwona amesimama kando ya lami, begi mguuni, kile kitu mkononi waziwazi, watu wanakitazama. Malori mawili yakapita pamoja, vumbi likafunika. Lilipotua, Lusungu hakuwepo, na gari la Msangano lilikuwa linaonekana kwa mbali linaondoka.

Jumapili hakwenda kanisani. Alipiga simu Msangano mara tatu. Stamili alipopokea, alisema huku hajafika mtu, na kama mnamficha mtoto wa kaka yangu shauri yenu. Tusekile alikaa na simu mkononi, hajui afurahi au aanze kumtafuta barabarani.

Jumatatu Sista Fausta akaja kuchukua mzigo. Akahesabu, akapata kumi na mmoja.

"Wa kumi na mbili ninao," akasema. "Nililetewa Jumamosi chuoni. Binti mwenye mimba kubwa alinisubiri getini tangu saa nne, akanitolea ule msamba kwenye begi, akaniuliza kama ni kweli. Nikamfungulia nikamwonyesha. Akauliza tena. Nikamwonyesha tena." Akaweka mkono juu ya meza ya kukatia. "Yuko Vwawa kwa wifi yake, dada wa mumewe. Kliniki ameandikishwa, siku yake nitakuwepo. Ila amesema wewe usije."

"Hata kukaa nje?"

"Amesema usije, fundi."

Tusekile akafunga mzigo kwa kamba, akapiga fundo, akalikaza.

Mwezi wa tisa Sista alipiga simu, saa saba mchana. Mtoto wa kike, kilo tatu na kidogo. Mama alichanika, si sana, ngozi na misuli ya juu. Sista alitia kidole kabla, akatia kidole baada. Pete nzima. Tusekile akauliza jina la mtoto, Sista akasema hajui kama amepewa. Lusungu mwenyewe hakupiga. Nguo za mtoto alizoshona Tusekile zilipelekwa na Osea, zikapokelewa na wifi mlangoni.

Siku hiyo ya simu, mchana ule ule, Tusekile alishona msamba wa kumi na tatu ambao hakuna aliyeuagiza. Ngozi ya kahawia, fulana nyekundu, satini. Zile ncha mbili akazivua kwa pini, akazilaza moja juu ya nyingine, akaziunga kwa mkono, kwa uzi mweupe. Hakuhesabu nukta. Alipofunga duka aliuweka mwisho wa benchi, upande wa ukutani.

Asubuhi duara lilikuwepo. Wateja wa pale sasa wameshazoea, wanajua upande ule haukaliwi, na anayeuliza anaambiwa pana mtu. Benchi lilikuwa limelowa kuuzunguka msamba pande zote, na msamba wenyewe ulikuwa mkavu. Tusekile akachuchumaa. Akaingiza kidole nyuma yake, polepole, akasikiliza.

Pete ikakibana kidole, ikakaa nacho kidogo, ndipo ikakiachia.